"Hakuna mambo machafu": uchambuzi wa kisa cha kanuni ya nne

Kisa hiki ni cha mfano. Kimeundwa kutokana na migogoro inayorudi mara kwa mara katika gemu za kuigiza wahusika kwa maandishi, na wachezaji wanatajwa kwa wahusika wao, si kwa majina. Tumekiweka Kisumu kwa sababu miongozo mingi ya usimamizi imeandikwa kwa ajili ya watu wasiojuana. Hapa wachezaji wanajuana nje ya gemu, wanachanganya Kiswahili, Kiingereza, Sheng na Dholuo katika sentensi moja, na wanaona haya kuandika wazi kile wanachokikataza. Hilo la mwisho ndilo kiini cha kisa chote.

Seva na kanuni zake

Seva iko Discord, jukwaa la mazungumzo ya mtandaoni ambalo kila seva yake ina vyumba vya kuandikia viitwavyo chaneli. Dunia ya gemu ni bandari ya kubuni kando ya ziwa: soko, forodha, gereza, nyumba ya wageni yenye vyumba vya juu, visiwa viwili. Wachezaji huandika matendo ya wahusika wao kwa zamu, aya moja moja, na msimulizi mkuu huamua matokeo kwa kete. Wasimamizi ni watatu: mwanafunzi wa chuo Maseno, mfanyakazi wa saiba (duka la intaneti) mtaani Kondele, na mwingine aliye Nakuru. Hakuna anayelipwa. Wengi wa wachezaji ni wanafunzi wa vyuo na vijana walioajiriwa. Wachache wako sekondari na huonekana zaidi shule zikifungwa.

Kanuni ni sita. Ya nne inasema: "Hakuna mambo machafu. Tuweke mchezo ufae kila mtu. Tumia akili. Uamuzi wa msimamizi ni wa mwisho."

Usiku wa Ijumaa

Saa tatu usiku wachezaji wawili watu wazima, mmoja anayeigiza nahodha wa mashua na mwingine mjane mwenye duka la nguo, wanaanza tukio la mapenzi kwenye chaneli ya vyumba vya juu. Uhusiano wa wahusika hao umejengwa kwa wiki kadhaa, mbele ya wote. Wanapigana busu, nguo zinavuliwa, kisha maelezo yanaendelea kitandani bila kufichwa. Msimamizi wa Maseno yuko mtandaoni. Anasoma, anaweka emoji ya moto, anaondoka.

Saa tatu na dakika arobaini anaingia mchezaji mgeni, mhusika wake mtumishi wa nyumba ya wageni, anagonga mlango akiwa na sinia ya chai. Siku mbili kabla, kwenye chaneli ya utambulisho, mgeni huyo aliandika kwamba yuko kidato cha tatu. Nahodha na mjane hawakuusoma utambulisho huo. Hakuna anayemjibu, na maelezo yanaendelea kwa aya nne zaidi, mgeni akiwa bado kwenye chaneli.

Saa nne kasorobo msimamizi wa Kondele anamaliza hesabu za saiba, anafungua simu, anaona. Anamfungia nahodha moja kwa moja, yaani anamtoa kwenye seva asirudi, na kwenye dirisha la kufungia anachagua ujumbe wake wote wa siku saba zilizopita ufutwe. Mjane ananyamazishwa siku moja. Mgeni haambiwi neno. Sababu haiandikwi popote.

Jumamosi asubuhi skrinshoti ya aya za mjane iko kwenye kikundi cha WhatsApp, imekatwa ili aya za nahodha zisionekane. Wanaomjua mchezaji huyo wanajua ni yeye. Nahodha naye anauliza, kupitia rafiki, kwa nini wiki iliyopita mfungwa aling'olewa kucha moja moja kwenye chaneli ya gereza na hakuna aliyefungiwa. Msimamizi wa Nakuru anamtetea mwenzake wa Kondele, wa Maseno ananyamaza, na kufikia Jumapili sehemu ya wachezaji wa zamani wameanzisha seva yao.

Kanuni moja, tafsiri nne

Nahodha alisoma "machafu" kuwa matusi na picha za uchi. Mapenzi ya watu wazima waliokubaliana, ndani ya hadithi, hayakuwa uchafu kwake, na emoji ya msimamizi ilimthibitishia hivyo. Mjane aliona chaneli ya vyumba vya juu imetengwa kwa mambo hayo, maana vinginevyo ingewekwa ya nini? Msimamizi wa Maseno alihesabu kwamba alimradi hakuna aliyelalamika, pako sawa. Wa Kondele alihesabu kwamba chochote kupita busu ni marufuku. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeisoma kanuni vibaya, kwa kuwa maneno yake yanabeba tafsiri zote nne.

Tatizo ni kwamba sentensi moja imebeba maswali manne yasiyofanana. Ni nini kinachoelezwa? Kinaelezwa wapi? Nani yuko mahali hapo, na ana umri gani? Je, kila anayehusika amekubali? Tukio linaweza kuwa halali kwa swali la kwanza na la nne, na bado likawa kosa kubwa kwa la tatu. Kanuni isiyoyatenganisha humlazimisha msimamizi kuyajibu yote kwa pamoja, usiku, amechoka, kwa hasira ya dakika moja.

Kuna njia rahisi ya kupima kanuni kabla haijaleta maafa. Andaa vipande kumi vifupi vya igizo, vya kubuni, kuanzia busu hadi tukio lililoelezwa wazi, na viwili au vitatu viwe vya ukatili. Mpe kila msimamizi vipande hivyo peke yake, bila kushauriana, aandike kimoja kati ya haya: kipite, kifichwe, kiondolewe. Linganisha majibu. Wakitofautiana kwenye kipande kimoja, zungumzeni. Wakitofautiana kwenye vitatu au zaidi, kanuni ndiyo mbovu na hakuna semina ya wasimamizi itakayoiponya.

Kwa nini kanuni huachwa na ukungu

Wasimamizi hutoa sababu moja: ukiorodhesha yaliyokatazwa, mjanja atatafuta lisiloorodheshwa. Hofu hiyo ina msingi. Wapo wachezaji wanaosoma kanuni kama wakili anavyosoma mkataba. Lakini dawa yake ni ndogo: andika kwamba mifano si orodha kamili, na kwamba lenye shaka huulizwa kabla ya kuandikwa. Haihitaji kanuni nzima ifichwe.

Sababu isiyosemwa ni haya. Kuandika "matiti" au "sehemu za siri" kwenye ukurasa wa kanuni, ambao binamu, mwanafunzi mwenzako na jirani wa Manyatta watausoma, kunatia aibu. Kwa hiyo unaandika "mambo machafu" na kumwachia msomaji akisie. Lugha yetu ina tafsida nzuri kwa mazungumzo ya mbele ya wakwe, ila mahali pa kutoa adhabu tafsida hudhuru. Aibu ambayo msimamizi aliikwepa alipokuwa akiandika kanuni haikupotea. Ilimwangukia mjane Jumamosi asubuhi, mbele ya watu wanaomjua kwa sura. Maneno yanayofaa yapo, nayo ni yale ya kliniki na ya kitabu cha biolojia: hayachekeshi, hayasisimui, na kila mtu anayaelewa kwa namna moja.

Tatizo si geni wala si la Kisumu peke yake. Katika LambdaMOO, dunia ya maandishi iliyoanzishwa na Pavel Curtis huko Xerox PARC, Marekani, mwaka 1990, waendeshaji walikuwa wamekwisha tangaza kwamba hawataamua tena ugomvi wa kijamii. Mchezaji mmoja alipolazimisha wahusika wa wengine katika matendo ya ngono hadharani, hapakuwa na kanuni wala utaratibu, na mwendeshaji mmoja akamfuta kwa uamuzi wake mwenyewe. Baada ya hapo ndipo ukaja mfumo wa wachezaji kupiga kura. Mwaka 2010 kampuni ya Blizzard ilitangaza doria katika kijiji cha Goldshire kwenye seva ya Moon Guard ya gemu yake ya mtandaoni, World of Warcraft, kwa sababu ya usumbufu na maigizo ya ngono. Second Life, dunia nyingine ya mtandaoni, ilifuata njia nyingine mwaka 2009: maudhui ya watu wazima yakahamishiwa bara lake lenyewe, Zindra, na maeneo yakapewa madaraja. Doria inategemea nani yuko zamu. Madaraja yanamwambia mchezaji mapema mlango upi unaelekea wapi. Kwa timu ya watu watatu wasiolipwa, doria haiwezekani hata ukiitaka.

Mgeni wa kidato cha tatu

Hili halimo kwenye mjadala wa ladha. Kwa Katiba ya Kenya ya 2010 na Sheria ya Watoto ya 2022, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandao ya 2018, kifungu cha 24, inaweka kwa ponografia ya watoto faini ya hadi shilingi milioni 20, kifungo cha hadi miaka 25, au vyote viwili. Discord yenyewe inaruhusu akaunti kuanzia miaka 13, inataka maudhui ya watu wazima yakae kwenye chaneli zilizowekewa kizuizi cha umri wa 18, na inakataza maudhui ya ngono yanayohusu watoto hata yakiwa ya kubuni. Chaneli ya vyumba vya juu haikuwa na kizuizi hicho. Hata bila mtoto mlangoni, seva ilikuwa imevunja masharti ya jukwaa tangu saa tatu na robo.

Wengi hujibu hapa kwa kusema: basi tudai vitambulisho. Tafadhali msifanye hivyo. Picha za vitambulisho kwenye inboksi ya mwanafunzi ni hatari kuliko tukio lenyewe, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia data ya mtoto. Kizuizi cha umri cha jukwaa nacho mara nyingi hutegemea tarehe ya kuzaliwa iliyoko kwenye akaunti, na simu moja nyumbani hutumiwa na kaka, dada na mpwa. Kinasaidia kama kibao cha onyo, basi. Kwa seva yenye wanafunzi wa sekondari na wasimamizi watatu, ushauri wetu ni mmoja: msifungue chaneli ya watu wazima kabisa. Anayetaka maigizo hayo aende kwenye seva ya watu wazima pekee, isiyo na mlango unaofunguka kwenye hii.

Ushahidi uliochomwa

Kosa la kiufundi la usiku ule lilikuwa lile chaguo la kufuta siku saba. Daftari la usimamizi la Discord hukaa siku 45 na huonyesha nani alimfungia nani na lini, lakini halihifadhi maandishi ya ujumbe uliofutwa. Kwa hiyo nahodha hawezi kukata rufaa kwa kuonyesha alichoandika, msimamizi wa Nakuru anatetea jambo asiloliona, na kama kungekuwa na mtu mzima aliyemfuata mtoto kwa makusudi, ujumbe usingeweza kuripotiwa kutoka kwenye menyu yake, maana haupo tena.

Mpangilio sahihi ni huu. Kwanza simamisha tukio: andika kwenye chaneli "simameni hapa", kisha ondoa kwa muda ruhusa ya kuandika. Ujumbe unabaki, hakuna anayeongeza. Pili nakili kiungo cha ujumbe wa kwanza na wa mwisho, pamoja na nambari za akaunti zinazohusika, uvibandike kwenye chaneli ya wasimamizi pekee. Tatu, kama mtoto yumo, ripoti kwa jukwaa kabla ya kufuta chochote. Ndipo ufute, ujumbe kwa ujumbe, ule unaohusika tu. Tahadhari moja kubwa: kama ni picha ya ngono ya mtoto, usiihifadhi na usiitume kwa msimamizi mwenzako hata kama nia ni njema. Ripoti papo hapo, kisha peleka taarifa kwa DCI, idara ya upelelezi wa jinai.

Kufungia moja kwa moja kulitumika pia kwa sababu kitufe kilikuwa karibu. Kunyamazisha kwa muda kuna ngazi tayari kwenye menyu: sekunde 60, dakika 5, dakika 10, saa 1, siku 1, wiki 1. Kumnyamazisha kila aliyeandika kwa saa moja kungewapa wasimamizi watatu nafasi ya kuongea kabla ya kuamua.

Chujio halitaokoa

Baada ya zogo, pendekezo la kwanza kwenye kikundi lilikuwa kuwasha chujio la maneno. Chujio la Discord husoma neno kama neno zima usipoweka nyota (*); ukiweka nyota mwishoni, hunasa kila neno linaloanza hivyo; ukiweka pande zote mbili, hunasa popote lilipo. Kwa Kiingereza hilo linatosha kiasi. Kwa Kiswahili linavunjika kotekote. Kitenzi chetu huvaa viambishi mbele na nyuma, kwa hiyo neno zima halishiki kitu. Weka nyota, na lile tusi la herufi nne linalojulikana litaanza kuzuia "kumaliza" na "kumaanisha", na msimulizi atashindwa hata kumaliza zamu yake. Orodha ya maneno yanayoruhusiwa hupunguza usumbufu, lakini utaijaza mwaka mzima, na Sheng ya Kondele itakuwa imekwisha badilika. Hata wenye fedha na wahandisi hukwama: mwaka 2021 AI Dungeon, gemu ya hadithi zinazoandikwa na akili mnemba, ilipowasha chujio la kulinda watoto, wachezaji waliona likizuia hata kutajwa kwa kompyuta yenye umri wa miaka 8.

Tukio la nahodha na mjane, kwa vyovyote, halikuwa na tusi hata moja. Liliandikwa kwa mafumbo mazuri. Chujio lingelipita kimya. Litumieni kuzuia matusi ya wazi na viungo vya tovuti za ngono, mengine yaachieni kanuni.

Kanuni iliyoandikwa upya

Zana mbili za gemu za mezani zinafaa kuazimwa. Mwaka 2003 mbunifu wa gemu Ron Edwards alitenganisha mstari, yaani jambo lisiloingia kabisa kwenye mchezo, na pazia, yaani jambo linalotokea bila kuonyeshwa. Kadi ya X, iliyobuniwa na John Stavropoulos, inamruhusu yeyote kuinua kadi na tukio likaondolewa bila kuulizwa sababu. Rasimu hii inatumia zote mbili:

"Kanuni ya 4. Mapenzi, uchi na ukatili. Seva hii ina wachezaji walio chini ya miaka 18. Hakuna chaneli ya watu wazima na haitafunguliwa.

Ruhusa, chaneli zote: kutongozana, kushikana mikono, kukumbatiana, busu, ndoa, na kutaja kwamba wahusika walilala pamoja.

Pazia: nguo zikianza kuvuliwa kwa ajili ya mapenzi, au mkono ukifika kwenye matiti, makalio, mapaja au sehemu za siri, andika 'pazia' na uruke hadi baadaye. Vilevile kwa mateso: jeraha na kifo huandikwa, mateso ya hatua kwa hatua hufunikwa.

Mstari: ubakaji hauigizwi. Picha, michoro, sauti na viungo vya ngono haviwekwi. Hakuna igizo la mapenzi linalomhusu mchezaji au mhusika aliye chini ya miaka 18, hata ikidaiwa mhusika ni jini wa miaka elfu moja.

X: yeyote akiandika X, tukio linasimama. Haulizwi sababu, wala hasemwi baadaye.

Adhabu: kupita pazia mara ya kwanza, onyo la maandishi, ya pili, kunyamazishwa siku 1, ya tatu, wiki 1, ya nne, kuondolewa. Wote walioandika tukio hupata adhabu sawa. Kwa makusudi kuvuka mstari unaohusu mtoto hakuna onyo: ni kuondolewa na kuripotiwa.

Rufaa: ndani ya siku 7, kwa msimamizi ambaye hakutoa uamuzi. Mifano hii si orodha kamili. Ukiwa na shaka, uliza kwenye chaneli ya maswali. Jibu litabandikwa na litawafunga wasimamizi pia."

Sentensi ya mwisho isiondolewe. Jibu lililobandikwa ndilo linalomzuia msimamizi wa Kondele na wa Maseno kuamua tofauti mwezi ujao. Na "adhabu sawa" imo kwa sababu ya mjane na nahodha: waliandika tukio moja kwa zamu, mmoja akafukuzwa, mwingine akapewa siku moja, na hakuna aliyeweza kueleza tofauti ilitoka wapi.

Uamuzi kwa waliohusika

Kanuni mpya haifanyi kazi kwa makosa ya nyuma. Nahodha afunguliwe na apewe, sawasawa na mjane, onyo la maandishi linaloeleza pazia. Hawakujua umri wa mgeni. Aliyeweza kuujua ni msimamizi, kwa kuwa utambulisho ulikuwa kwenye chaneli anayopaswa kuisoma. Msimamizi wa Maseno aandike kwenye chaneli ya matangazo kwamba tukio lilipita mbele yake na hakulisimamisha. Bila hilo, wachezaji wataendelea kuamini kwamba adhabu inategemea ni nani aliyewasha simu.

Mgeni azungumziwe na wasimamizi wawili kwa pamoja, kwenye chaneli ya msaada ambayo wasimamizi wote wanaiona. Asifuatwe na mtu mzima mmoja kwenye inboksi, kwa sababu yoyote. Aambiwe hana kosa, apewe namba 116, ambayo ni ya simu ya kuwasaidia watoto na haitozwi, na aulizwe swali moja tu: je, kuna mtu aliyemwandikia faraghani baada ya usiku ule? Jibu likiwa ndiyo, kisa kinatoka mikononi mwa seva na kwenda polisi.

Skrinshoti ya mjane ishughulikiwe kama kosa lenyewe, si kama tetesi. Msimamizi wa kikundi cha WhatsApp anaweza kuufuta ujumbe kwa wote, na afanye hivyo siku hiyohiyo. Aliyeikata picha ili ionekane mjane ameandika peke yake apewe adhabu kali kuliko ya nahodha na mjane, kwa kuwa wao waliandika ya wahusika, naye alimlenga mtu.

Jaribio la vipande kumi lirudiwe kabla ya likizo za Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka, na msimamizi yeyote mpya alifanye kabla ya kupewa kitufe cha kufungia.